Sataranji ya Mtandaoni: Tusianze kwa Kukimbia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta maneno mengi hapa shuleni na hata majumbani kwetu, yaani mchezo wa sataranji, na hasa ule unaochezwa kwa njia ya mtandao. Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita mzazi mmoja alisimama akasema kwamba watoto wakirudi nyumbani wakati wa likizo huinamia simu usiku kucha, na kwamba mchezo huo ni kamari tu iliyobadilishwa jina. Wengi walimpigia makofi. Mzee mwingine aliomba chama chetu cha sataranji kivunjwe kabisa. Mwalimu Mkuu alijibu kwamba shauri hilo litatazamwa kabla ya muhula ujao. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanachama, na kwa kuwa nina kosa langu mwenyewe katika jambo hili, naona si haki ninyamaze.

Basi kwanza naungama kosa. Likizo ya Desemba iliyopita, baada ya mtihani wa Kidato cha Pili, nilirudi nyumbani nikakuta baba amenunua simu ya kupangusa. Rafiki yangu mmoja alinionyesha mahali panapoitwa Lichess, ambapo mtu hucheza sataranji na watu wa dunia nzima bila kulipa kitu. Wakati huo nilijua tu jinsi kila kete inavyotembea. Sikujua zaidi ya hapo, nami nilidhani yatosha. Nikachagua michezo ya dakika moja moja, maana ndiyo iliyonipendeza kwa mwendo wake. Mahali pale kila mgeni huanza na alama 1500, kisha hupanda akishinda na kushuka akishindwa. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimekwisha kushuka chini ya 900.

Kila nilipofungwa nilibonyeza nianze mchezo mwingine. Sikutazama hata mara moja nimefungwa kwa sababu gani. Mchezo wenyewe haukula bando sana, ila nilipochoka kufungwa nilitazama video za mabingwa nikidhani nitaokota maarifa yao kwa macho tu, na video ndizo zilizokula. Usiku mmoja mwanzoni mwa Januari nilimaliza bando la wiki nzima, na chaji pia ikaisha. Kwetu hakuna umeme. Simu hupelekwa senta kuchajiwa kwa jua. Asubuhi ile mnunuzi wa maharage kutoka Kasulu alimpigia baba simu asimpate, akaenda kupakia gunia za jirani. Za kwetu ziliuzwa wiki mbili baadaye kwa bei ya chini. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Mwanangu, mchezo wako huu umetufunga sote wawili." Neno hilo liliniingia kuliko fimbo.

Simu ikafungiwa sandukuni, nami nikakaa bila la kufanya. Ndipo mdogo wangu wa kike, aliye Darasa la Sita, aliponiomba nimfundishe ule mchezo. Tulichana katoni, tukapiga mistari, tukapaka makaa mraba mmoja na kuacha mwingine hata ikatimia 64. Kete zikawa vizibo vya soda: upande mmoja umevigeuza chali na upande wa pili umevifudikiza. Kwa kuwa mfalme na malkia wote huanza kwa herufi M, yeye alimgandishia mfalme punje ya hindi na malkia punje ya haragwe.

Siku ya kwanza nilimfunga kwa hatua nne tu, kwa ule mtego ambao mimi nilikuwa nimefungwa nao mtandaoni si chini ya mara kumi. Kwa wasioujua, mtego ni huu: mweupe husukuma askari wa mfalme miraba miwili, humtoa malkia mpaka ukingoni, humtoa askofu amwelekee adui, kisha malkia humla askari aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Askari huyo mwanzoni halindwi na yeyote ila mfalme mwenyewe. Mchezo umekwisha.

Mdogo wangu hakuomba tuanze mchezo mwingine. Alisema, "Kaka, rudisha kete, nionyeshe tena ulivyonifunga." Nikarudisha. Akatazama kwa muda mrefu, akaniuliza ni nani alindaye mraba ule. Siku ya pili nilipomjia kwa mtego ule ule alitoa farasi kumlinda askari wake wa katikati, na askofu wangu alipotokea akasukuma askari aliye mbele ya farasi wa pili mraba mmoja, malkia wangu akalazimika kukimbia. Farasi wake mwingine akatoka naye akimfukuza. Kabla ya wiki mbili kwisha alikuwa akinifunga mimi, mwenye michezo zaidi ya 300 ya mtandaoni, naye hajapata kuishika simu ile kwa mchezo hata siku moja.

Hapo nikafahamu kwamba yule mtoto aliuliza swali ambalo mimi sikuuliza mara 300. Maoni yangu ni haya: mtandao ni kiwanja kizuri sana cha kuchezea, lakini si mwalimu wa mtu asiyesimama kutazama alipoangukia. Anayeanza na aanze kwenye ubao, polepole, na mtu aliye mbele yake. Akiisha kujua misingi, hapo mtandao utamfaa.

Huenda mtu akauliza, misingi hiyo ni ipi? Si mingi. Ubao uwekwe hivi kwamba kona ya mkono wa kuume wa kila mchezaji iwe na mraba mweupe. Ngome huenda moja kwa moja, askofu huenda mshazari, malkia huenda kote kuwili, mfalme huenda mraba mmoja tu, na farasi huruka miraba miwili kisha mmoja kwa upande. Askari huenda mbele, hula kwa mshazari, na akifika mwisho wa ubao hupandishwa cheo, kwa kawaida akawa malkia. Naona hili latufaa sisi wana wa wakulima kulikumbuka, kwamba mdogo kuliko wote ndiye pekee awezaye kupandishwa cheo.

Baada ya hayo mwanafunzi ajue thamani za kete: askari 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei, maana akifungwa yote yamekwisha. Mtu asiyejua thamani hizi hubadilisha ngome kwa farasi huku akichekelea. Kisha ajue mambo matatu ya mwanzo wa mchezo: ashike katikati ya ubao kwa askari wake, atoe farasi na maaskofu mapema kabla ya malkia, na amfiche mfalme wake pembeni pamoja na ngome, hatua ambayo sheria humruhusu mara moja tu. Mwisho, kabla ya kila hatua ajiulize, "Mwenzangu ametaka nini kwa hatua yake hiyo?" Aliyejizoeza swali hilo amekwisha vuka nusu ya safari.

Tena mtu asidanganyike kwamba mchezo ni mwepesi kwa kuwa sheria zake ni chache. Katika hatua ya kwanza mweupe ana njia 20 za kuanza: 16 za askari na 4 za farasi. Mweusi naye ana 20 za kujibu. Basi kila mmoja akiisha kucheza mara moja tu, ubao waweza kuwa katika hali 400 mbalimbali. Nani basi awezaye kuyapima hayo kwa mchezo wa dakika moja, ikiwa hajapata kuyapima kwa saa nzima?

Sasa nageukia wazazi wetu, maana shutuma yao ni kubwa. Wasema ni kamari. Kwa heshima zote nasema sivyo. Kamari huhitaji bahati na huhitaji fedha. Katika sataranji hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, wala hakuna senti inayowekwa mezani. Kete zote 32 zaonekana na wote wawili, na anayefungwa amejifunga mwenyewe. Wazee wetu waujua mchezo wa namna hii tangu zamani, nao ni bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina miraba 64 na kete 32. Hesabu imegeuzwa tu. Mzee akikaa kivulini akiwaza bao lake hakuna amwitaye mcheza kamari. Watu humwita fundi. Wala sataranji si kitu cha juzi kilichokuja na simu. Ilizaliwa Bara Hindi yapata miaka 1,400 iliyopita, ikapita kwa Waajemi na Waarabu, nao ndio waliotupatia jina lenyewe.

Hata hivyo sitaki kuwaambia wazazi kwamba hofu yao ni ya bure. Vijana wengi wa siku hizi wamepotea katika kubeti kwa simu, na mzazi amwonapo mwanawe ameinamia kioo usiku atajuaje kama ni sataranji au ni mikeka? Tena nimesema wazi kwamba mimi mwenyewe, bila kuweka fedha, nilikuwa na hali ile ile ya mcheza kamari: nikifungwa nataka nirudishe mara moja, nikishinda nataka tena. Ulevi huo haukutoka katika sataranji. Ulitoka katika haraka, na simu ndiyo iliyoipa haraka hiyo nafasi. Basi dawa si kuvunja chama. Dawa ni kutuondolea haraka.

Wako na wasemao kwamba mchezo huu ni wa Wazungu na wa matajiri. Hao na watazame kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2005, katika mtaa wa mabanda wa Katwe mjini Kampala, msichana mmoja jina lake Phiona Mutesi alimfuata kaka yake mpaka mahali ambapo Bwana Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Phiona alikuwa amekwisha kuacha shule kwa kukosa ada. Hakujua kusoma vizuri, wala hakuanza na mtandao. Alianza na ubao, na mtoto mdogo kuliko yeye ndiye aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika mashindano makubwa ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 huko Istanbul, Uturuki, alijipatia cheo kinachotambuliwa na Chama cha Sataranji cha Dunia. Habari zake zikaandikwa kitabu mwaka 2012 na kutengenezwa sinema mwaka 2016. Ikiwa Katwe imeweza, kwa nini Kagerankanda isiweze? Vizibo vya soda tunavyo, katoni tunazo.

Sasa huenda mtu akaniuliza, "Ikiwa ubao watosha, mtandao wa nini?" Nami najibu kwamba ubao hautoshi siku zote. Katika chama chetu tu watu 14, na kila mmoja amekwisha kujua hila za mwenzake. Huku kwetu hakuna mabingwa wanaopita njia. Kwa mtandao mtoto wa Kagerankanda aweza kukutana na mtu wa Nairobi, wa Muskat au wa Buenos Aires, asiyemjua wala kumdharau kwa kijiji alikotoka. Tena mchezo ukiisha mashine humwonyesha hatua kwa hatua mahali alipokosea, na Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, hutoa huduma hiyo bila malipo na bila matangazo ya biashara. Hapo zamani mtu wa bara alihitaji kitabu cha fedha nyingi na mwalimu wa mbali kupata msaada wa namna hiyo.

Wengine hulalamika kwamba mtandao wetu hukatika. Ni kweli, mvua ikinyesha hukatika hata katikati ya mchezo, na saa ya mtu huendelea kukimbia. Lakini tusidhani ni taabu yetu peke yetu. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Chama cha Dunia kilifanya mashindano ya mataifa kwa mtandao mara ya kwanza. Tarehe 30 Agosti, katika fainali ya India na Urusi, wachezaji wawili wa India walikatikiwa na mtandao, saa zao zikaisha. Baada ya malalamiko nchi zote mbili zilipewa ushindi. Sisi hatuna rais wa chama wa kutuamulia hivyo, kwa hiyo yafaa tuchague aina ya mchezo isiyoogopa kukatika kwa mtandao.

Na aina hiyo ipo. Mtandaoni kuna michezo ya polepole ambapo mchezaji hupewa siku 1 mpaka siku 14 kwa kila hatua, kama vile watu wa zamani walivyocheza kwa barua, mmoja akiandika hatua yake na kuitia posta. Huo ndio mchezo unaotufaa. Kwa hiyo naleta mashauri yangu mbele ya walimu na wazazi.

Shauri la kwanza: mwanachama mpya asiguse mchezo wa mtandaoni kabla hajacheza michezo 20 ya ubaoni na kuiandika yote katika daftari, na kila mchezo alioshindwa aonyeshe kwa kidole hatua aliyokosea.

Shauri la pili: kila Jumamosi chama kipewe saa moja katika chumba cha kompyuta, mwalimu akiwapo. Sheria ya kukataza simu shuleni ibaki kama ilivyo. Mimi siiombei iondolewe. Katika saa hiyo tucheze mchezo wa polepole dhidi ya shule nyingine: wiki nzima tubishane ubaoni juu ya hatua moja, na Jumamosi tuitume. Mchezo wa hatua 20 utachukua karibu muhula mzima, na hilo ndilo jema lake.

Shauri la tatu: atakayeonekana kuiuliza mashine hatua ya kucheza wakati mchezo ungali unaendelea, aondolewe chamani. Mashine imekwisha kuwapita wanadamu tangu ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997. Kushinda kwa kuinakili ni sawa na kuingia na majibu katika chumba cha mtihani. Kadhalika mtu asimpe mgeni wa mtandaoni jina lake kamili, picha wala habari za nyumbani kwao.

Shauri la nne, nalo ndilo la mwisho, ni juu ya wasichana. Katika watu 14 wa chama chetu wasichana ni wawili tu. Nimeeleza aliyenifunga nyumbani ni nani. Mdogo wangu atamaliza Darasa la Saba mwakani, na akifaulu huenda akaletwa shule hii hii. Sipendi afike akute chama kimekwisha vunjwa kwa kosa ambalo yeye hakulifanya, bali mimi.

Baba yangu alihudhuria mkutano ule wa wazazi. Hakupiga makofi, wala hakusema kitu. Lakini likizo iliyofuata nilimkuta jioni moja amekaa uani na mdogo wangu, katoni iko katikati yao juu ya kinu kilichogeuzwa, naye amemshika mfalme wa punje ya hindi asijue ampeleke wapi. Aliponiona aliniambia, "Usimsaidie yeyote. Tuache tufikiri." Walifikiri mpaka giza likaingia.

Bwana Mhariri, yangu ni hayo. Mwenye maoni mengine naye ashike kalamu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu
Kagerankanda